Presha ya Bi Gundi

Shangazi yangu alikuwa mfupi. Alipoletewa kiti kazini alikikataa, akasema akikaa, watu wakifungua mlango watadhani chumbani hamna mtu. Kwa miaka ishirini na sita alijalidi vitabu akiwa amesimama, kwenye chumba cha nyuma cha kiwanda cha uchapaji, ghorofa ya tatu. Kiwandani walimwita Bi Gundi, na hawakumwita hivyo kwa dharau. Mikono yake ilinukia gundi hata siku za mapumziko, na akishakushika kiganja akusimulie jambo, huchomoki mpaka amalize.

Chumba chake nakiona hadi leo. Kilikuwa na meza mbili ndefu na madirisha makubwa yaliyopakwa chokaa nusu ya chini ili jua lisichubue vitambaa vya majalada. Rafuni vilisubiri vitabu vyenye migongo iliyochanika, kamusi zilizopoteza herufi ya mwisho, na tasnifu za wanafunzi wa chuo ambao kila mwaka walizileta siku moja kabla ya kutakiwa. Sindano zilichomekwa kwenye kipande cha sponji kwa kufuata ukubwa. Kipande cha mfupa cha kukunjia karatasi kilining'inia shingoni mwake kama filimbi ya refa. Katikati ya chumba palikuwa na kibanio, mashine nzito ya chuma ya kukandamiza vitabu vikishapakwa gundi, yenye mkono mrefu unaosukumwa kwa nguvu. Wanaume waliusukuma kwa nyonga. Kwa kimo chake, Shangazi ulimfikia tumboni, kwa hiyo aliuegemea kwa tumbo na kuusukuma kwa mwili mzima.

"Wengine matumbo yao wanayalisha tu," alikuwa akisema. "Mimi langu nalifanyisha kazi."

Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva aliyestaafu. Nusu ya mji alikuwa ameifundisha kurudi nyuma na kuegesha, kwa hiyo kila mtu alimwita Mwalimu, hata Shangazi mwenyewe, hata mimi. Alikuwa mpole na mwembamba, mtu wa kusubiri. Miguu yake haikuwa imeacha kazi: mkipanda gari naye, hata akiwa abiria, ulimwona akikanyaga breki isiyokuwepo.

Sasa, kitu ambacho watu walikijua zaidi kuhusu Shangazi kuliko hata vitabu vyake kilikuwa hasira. Nasema hasira kwa sababu ndivyo tulivyoiita. Angekuwa anacheka vizuri tu, mara uso ukampauka kama karatasi, jasho likamtoka kwenye paji, mikono ikatetemeka, na mtu yeyote aliyekuwa karibu akafukuzwa. "Toka. Nimesema toka." Baada ya nusu saa ungemkuta amekaa pembeni, amechoka kama aliyebeba magunia, na hataki kuulizwa kitu.

Mimi yalinifika siku tuliyohamia nyumba yetu, mimi na mume wangu. Mama mkwe alikuwa amekuja na viti vinne vya mbao, zawadi yake kwetu, na tulikuwa tunavipanga sebuleni. Shangazi akainama kukinyanyua kimoja. Alipoinuka alikuwa mweupe midomoni. Mama mkwe akamgusa bega, akamwambia kwa upole, "Pole, hebu kaa kidogo." Shangazi akamtolea macho, akamwambia asimguse, akatoka hadi nje akiburuta mkoba, na Mwalimu akamfuata nyuma akituomba radhi kwa mikono. Sitii chumvi nikisema kwa miezi mitano sikukanyaga kwake. Nilimwona mtu mzima aliyenivunjia heshima mbele ya wakwe, na sikuwa na neno lingine la kuliita jambo hilo.

Presha yake iligunduliwa muda mrefu kabla ya hapo, kwenye upimaji wa afya wa wafanyakazi. Wakampa kidonge kimoja. Baada ya mwaka vikawa viwili, kisha vitatu, na bado kila alipokwenda kliniki mashine ilisema lake. Siku moja ilikuwa mia moja thelathini, wiki iliyofuata mia moja tisini na tano. Wahudumu wakamtazama kwa jicho la kumshuku.

"Mama, dawa unameza kweli?"

"Nameza."

"Na chumvi umeacha?"

Chumvi walikuwa wameacha wote wawili. Mwalimu ndiye aliyekuwa akipika tangu astaafu, na siku ile ya kwanza Shangazi aliporudi na karatasi ya masharti, alikichukua kikopo cha chumvi akakipeleka kwa jirani. Presha ya Mwalimu mwenyewe haikuwa na tatizo lolote. Nilimuuliza mara moja kwa nini asijitilie kidogo kwenye sahani yake. Akanijibu kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu, "Nitakulaje kitamu peke yangu naye amekaa hapo?" Walikula mboga zisizo na ladha kwa miaka saba, wakisifiana.

Aliyenirudisha nyumbani kwao ni Mwalimu. Alinipigia simu asubuhi ya Jumamosi moja. Shangazi alikuwa amekula maharage yaliyolala kwenye mkahawa wa kiwandani, ametapika tangu alfajiri, na yeye peke yake hawezi kumshusha ngazi. Nikasahau kwamba nimenuna. Tukamshika huku na huku, tukampeleka zahanati ya mtaa wa pili.

Nesi alikuwa msichana mwepesi wa mikono na mwenye heshima. Akampima, akamwekea dripu, na kwa kuwa kutapika hakukukoma, akamchoma sindano ya kuzuia kutapika, ile ile ambayo wagonjwa wengi huchomwa wakaenda nyumbani wakiwa wazima. Dakika kumi hazikupita. Shangazi akashika kichwa kwa mikono miwili. Uso ukapauka, jasho likalowesha mto, na kifua nikakiona kwa macho yangu kikipiga chini ya shuka.

"Toka," akaniambia. Lakini safari hii sauti haikuwa na ukali wowote. Nilikuwa karibu naye mno, sikuweza kudanganyika. Ilikuwa sauti ya mtu anayeogopa, ambaye hataki aonekane akiogopa.

Nesi akafunga mkanda wa presha mkononi, akatazama namba, akaufungua, akaenda kuleta mashine nyingine. Mashine ya pili ikasema vilevile: mia mbili arobaini kwa mia moja thelathini. Akakimbia kumwita tabibu.

Tabibu alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na mwendo wa mtu ambaye hajawahi kukimbia. Aliagiza dawa, akaweka kiti, akakaa kando ya kitanda akiutazama uso wa Shangazi badala ya mashine. Ilipita kama nusu saa, presha ikaanza kushuka, na rangi ikarudi usoni. Hapo ndipo alipoanza kuuliza.

"Mama, hali hii ni mara ya kwanza?"

"Ni hasira zangu tu," Shangazi akasema.

"Leo nani kakukasirisha?"

Shangazi akafikiri. "Hakuna."

"Kichwa kinauma kwa ghafla, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio. Vyote vitatu pamoja?"

"Kila mara."

"Inakujia ukiwa unafanya nini?"

Kabla Shangazi hajajibu, Mwalimu akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa daftari jembamba lenye jalada la kijani. Lilikuwa mojawapo ya yale aliyokuwa akiandikia maendeleo ya wanafunzi wake wa udereva. Kwenye safu ya tarehe palikuwa na tarehe. Kwenye safu iliyochapishwa "Kosa la mwanafunzi" alikuwa ameandika, kwa herufi zake ndogo zilizonyooka: ameinama kufunga viatu, amenyanyua ndoo, amerudi kazini, amebana vitabu siku nzima, amecheka sana, ameinama kuokota sindano. Miaka minne, kurasa thelathini na kitu. Shangazi alilitazama lile daftari kana kwamba mumewe ametoa sungura mfukoni.

"Ulikuwa unaniandika?"

"Nilikuwa natafuta kosa liko wapi," Mwalimu akasema. "Kwako sikuliona."

Tabibu alisoma kurasa zote bila haraka. Kisha akataka kujua vitabu vinabanwaje. Shangazi akashuka kitandani, akausogelea ukingo wa meza, akaegemea kwa tumbo na kuanza kusukuma.

"Basi, basi, nimeelewa," tabibu akamzuia, akamrudisha kitandani kwa mikono miwili. "Usinionyeshe tena, na usimwonyeshe mtu mwingine yeyote."

Akaandika barua ndefu ya kwenda hospitali kubwa, kwa daktari wa homoni. Mwishoni aliandika jina la ile sindano kwa herufi kubwa, akalipigia mistari miwili, na chini yake: asichomwe tena.

Daktari wa homoni alikuwa kijana anayezungumza akichora. Hakusema mengi siku ya kwanza. Alitaka mkojo wa saa ishirini na nne, kila tone, kwenye chupa ya plastiki ya lita tatu yenye tindikali kidogo chini yake ili vilivyomo visiharibike. Asubuhi ya kwanza unamwaga, unaandika saa, na kuanzia hapo unakusanya mpaka asubuhi inayofuata saa ileile. Unatumia kikombe, hukojoi moja kwa moja chupani. Chupa ikae kwenye ubaridi, mbali na mwanga.

Mtu mwingine angeomba ruhusa kazini siku hiyo. Shangazi alikuwa na tasnifu kumi na mbili zinazosubiri na wanafunzi wanaolia mlangoni. Kubana aliwaachia wenzake, lakini kushona hakumwachia mtu. Tena alikuwa ameshapata ufumbuzi: usiku wa kuamkia siku hiyo alikata ubao mgumu, akaufunika kwa kitambaa chekundu cha majalada, akatengeneza kasha lenye umbo la kitabu kikubwa, na ndani yake mifuko ya barafu na nafasi ya chupa. Kwenye mgongo alichapa kwa herufi za shaba na karatasi ya dhahabu: JUZUU YA KWANZA. Akaliweka rafuni katikati ya vitabu vingine, na kila baada ya muda alilichukua, akaenda nalo msalani, akarudi nalo akiwa ameinua kidevu.

Saa nane mchana akaja profesa mmoja kuulizia kazi yake. Macho yakamwangukia lile jalada jekundu.

"Hii kazi nzuri sana," akasema, na mkono ukaenda. "Naweza kuiona?"

"Hiyo bado inaandikwa," Shangazi akamjibu.

Alitusimulia jioni akiwa hoi kwa kicheko, na Mwalimu akaenda kusimama jikoni kwa muda. Nilipomfuata nilimkuta anafuta macho kwa kitambaa cha vyombo. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, aliniambia, kumsikia akicheka bila yeye kukaa akisubiri uso upauke.

Majibu yalikuja, na picha za tumbo zikafuata. Daktari alituketisha wote watatu, akachora figo mbili kama maharage, na juu ya kila moja kofia ndogo.

"Hizi kofia ni tezi. Ndani yake mwili unatengeneza vitu vinavyopandisha presha pale unapopata hofu au unapotaka kukimbia. Vinaanzia kwenye kitu kinachoitwa dopamini. Pengine mmesikia dopamini inahusu raha kwenye ubongo. Kweli, lakini ina kazi nyingi. Kwenye figo, kwa mfano, inaiambia figo iitoe chumvi na inalegeza mishipa, presha inapungua. Kwenye tezi hizi, yenyewe ni kama mama. Inabadilishwa inakuwa noradrenalini, na noradrenalini inabadilishwa inakuwa adrenalini."

"Mama, mtoto, mjukuu," Shangazi akasema.

"Hasa. Hawa wadogo wawili ndio wenye fujo. Wakitoka kwa wingi, mishipa inabana, moyo unakimbia, jasho, kichwa, na hofu kubwa isiyo na sababu." Akachora kitu cha duara juu ya figo ya kulia. "Wewe una uvimbe hapa, mkubwa kama ndimu. Uvimbe huo umewazaa wengi kupita kiasi na umewaweka ndani. Ukiinama, wanatoka. Ukiubana na mashine yako, wanatoka wote kwa mkupuo."

"Na ile sindano?" nikauliza.

"Kwenye uvimbe kama huu, dopamini hiyohiyo husaidia kuwazuia hawa wadogo wasitoke ovyo. Sindano ya kutapika inafanya kazi kwa kuifanya dopamini isisikike. Kwa mtu wa kawaida, kichefuchefu kinaisha, mambo yamekwisha. Kwa mama hapa..."

"Mama kazibwa mdomo," Shangazi akasema, "watoto wamevunja mlango."

Mwalimu alikuwa akifikiri kwa namna yake, mguu wa kulia umekanyaga sakafu. "Breki imekatwa," akasema, "gari liko mteremkoni."

"Vyote viwili ni sawa," daktari akasema. Akaongeza kwamba kwenye mkojo ule, adrenalini na noradrenalini zilikuwa juu sana lakini dopamini imepanda kidogo tu, na kwamba jambo hilo, pamoja na picha, linampa matumaini kuwa uvimbe si wa saratani. Ungekatwa na kutolewa, na huenda presha ingeisha nao.

Shangazi alikunja karatasi ile yenye michoro kwa ule mfupa wake wa shingoni, mara moja, mara mbili, akaiweka kwenye mkoba. Tulipofika kwenye ngazi akasimama.

"Kwa hiyo sikuwa mtu mbaya," akasema.

Mwalimu akamshika kiwiko. "Nani alisema wewe ni mtu mbaya?"

Nikatazama pembeni, maana mimi ndiye niliyesema, na si mara moja.

Kabla ya upasuaji alitakiwa ameze dawa ya kulegeza mishipa kwa wiki tatu. Na kwa kuwa mishipa iliyokuwa imebanwa miaka yote ingelegea na kuhitaji kujazwa, akaambiwa anywe maji mengi na ale chumvi. Shangazi akamwomba daktari arudie, kisha akamwomba aandike, apige na mhuri. Siku ya kwanza ya chumvi nilikuwepo mezani. Mwalimu alipika mchuzi, akatia chumvi kwa kijiko kidogo kama anayepima dawa, akaonja, akakunja uso. Ulimi wake ulikuwa umeshasahau. Shangazi alikula sahani mbili akiwa amefumba macho, na Mwalimu akamkalia mbele, akila chake kisicho na chumvi, ametabasamu hadi mwisho.

Upasuaji ulichukua saa tano. Daktari wa upasuaji alitoka akiwa amechoka, akatuambia kila walipougusa uvimbe presha iliruka, na mara ulipotoka ikaporomoka. Walikuwa wametarajia. Tulipokubaliwa kuingia wodi ya uangalizi tukamkuta amelala, amezungukwa na mipira, na kwenye mashine namba ambayo sikuwahi kuiona kwake: themanini kwa arobaini na tano. Miaka saba tulikuwa tunaomba ishuke, sasa imeshuka tumeshikana mikono kwa hofu.

Kando ya kitanda palikuwa na chupa ya dripu yenye karatasi iliyobandikwa. Mwalimu akavaa miwani, akaisoma, akarudi nyuma hatua moja.

"Nesi," akasema, "hapa pameandikwa dopamini."

"Ndiyo, baba."

"Si ndiyo ile iliyoko kwenye familia ya wahalifu?"

Nesi wa wodi ile alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti ndogo, na kwa bahati yetu alipenda kuulizwa. Akatueleza taratibu, huku akiangalia matone. Dopamini, alisema, haina tabia moja. Ukiitia kidogo sana kwenye mshipa, inafungua mishipa ya figo. Ukiongeza, inausukuma moyo ufanye kazi. Ukiongeza zaidi, inabana mishipa na presha inapanda. Sasa mwili wa mama umezoea kupigiwa kelele na ule uvimbe, na kelele zimekatika ghafla. Inabidi asaidiwe kwa siku mbili tatu mpaka ajisimamie. "Ndiyo maana siondoki hapa," akasema. "Nahesabu tone kwa tone."

Mwalimu akatikisa kichwa kwa kuelewa. "Ni kama ugeni wa mama mkwe," akasema. "Inategemea kaja kwa siku ngapi."

Mashine ikalia kidogo. Shangazi alikuwa amefumbua jicho moja. "Nimesikia," akanong'ona.

Alikaa na ile dripu siku mbili na nusu. Wakaipunguza kidogo kidogo, na siku ya tatu ikatolewa, presha ikasimama yenyewe kwenye mia moja kumi na nane. Nesi akaiandika kwenye karatasi yake, akatuonyesha kama anayeonyesha picha ya mwanawe.

Nilidhani baada ya hapo itakuwa furaha tu. Haikuwa hivyo. Wiki zile za mwanzo nyumbani alikuwa mnyonge, analia kwa vitu vidogo, analala mchana kutwa. Nilikuwa nikipita kila jioni kutoka kazini kwangu, shuleni, ambako ni karani. Siku moja nilikuwa namchana nywele, naye akaanza kuzungumza bila kunitazama.

"Unajua hali ile ilikuwaje? Kila ikija nilikuwa najua nakufa. Sio kudhani. Najua. Halafu sifi. Natazama huku na huku, watu wapo, chai ipo mezani, mimi nimelowa jasho. Unamwambiaje mtu kwamba umekufa saa nne na sasa ni saa nne na nusu unataka chai? Nikaona aibu. Ni afadhali waseme nina hasira."

"Shangazi, ungetuambia."

"Sasa nakuambia."

Niliendelea kuchana. Baadaye nikamwomba radhi kwa ile miezi mitano. Akanipiga kofi dogo la mkono. Gundi ilikuwa imeisha harufu kwa kukaa nyumbani, na nilishangaa kwamba naikosa.

Alipopata nguvu, safari yake ya kwanza haikuwa ya kazini. Alikwenda kwa mama mkwe wangu, peke yake, bila kuniaga, na karatasi ya michoro ya daktari mkobani. Nilisikia kutoka kwa mama mkwe mwenyewe. Walikaa saa tatu, na ile karatasi ilitandazwa mezani wakasoma mama, mtoto na mjukuu. "Mimi nilidhani amechukia viti," mama mkwe akaniambia. Tangu hapo ni marafiki kwa kiwango kinachonitia wasiwasi, maana sasa kila wanachokijua kunihusu wanakijua wawili.

Kazini alirudi baada ya miezi mitatu. Wenzake walikuwa wameunganisha bomba kwenye mkono wa kibanio ili usukumwe kwa mikono iliyonyooshwa, na tumbo lisiguse. Alilikagua, akasema limewekwa upande, akaagiza liwekwe upya. Presha yake haikuondoka kabisa. Mishipa iliyobanwa miaka mingi haisahau yote, alisema daktari, kwa hiyo kidonge kimoja kidogo kimebaki, kila asubuhi. Kupauka kumekwisha. Jasho limekwisha. Kuna siku mwanafunzi alileta tasnifu akiwa ameshona mwenyewe kurasa kwa pini za ofisini, na Bi Gundi akamsemea mbovu mpaka kijana akakaa chini. Mwalimu, aliyekuwa amemletea chakula, akamtazama usoni kwa makini. Rangi ilikuwa palepale. Hata jasho hakuna.

"Kumbe hasira nyingine zilikuwa zako," akasema.

Lilibaki jambo moja. Ugonjwa huu, daktari alisema, wakati mwingine hutembea kwenye damu ya ukoo, kwa hiyo ndugu wa karibu tupimwe. Nilikwenda mimi na baba yangu, yaani kaka yake Shangazi, mtunza stoo wa mifuko ya saruji, mtu anayebeba mizigo bila kuguna lakini anayevuka barabara akiona jengo la hospitali. Shangazi alitupeleka yeye mwenyewe. Alimshika kaka yake mkono tangu getini, na kiganja kile, kama nilivyosema, hakikuachii. Alimwelekeza namna ya kukusanya mkojo, alimsimamia saa zake kwa simu siku nzima, alimkemea alipotaka kuruka kikombe cha saa kumi.

Wiki iliyofuata tulirudi kuchukua majibu. Yangu yalikuwa safi. Ya baba yalikuwa safi, na presha yake mia moja ishirini kwa themanini, sawa na kwenye vitabu. Baba alitoka mle chumbani akiwa ameongezeka kimo. Akatoa simu, akaanza kupiga: kwa mama, kwa stoo, kwa jirani ambaye hata hakujua kama anapimwa. "Nasema safi kabisa. Daktari mwenyewe ameshangaa." Daktari hakuwa ameshangaa hata kidogo.

Shangazi alianza kucheka ukumbini, akaegemea ukuta, akazidi kucheka, mwisho akakaa kwenye benchi ameinama, mkono ameukandamiza ubavuni pa mshono. Baba akakata simu katikati ya sentensi. Sote tulikuwa na mazoea ya miaka mingi. Akapiga magoti mbele yake, akamwinua kidevu amtazame rangi.

"Dada, vipi? Imeanza?"

"Haijaanza kitu," akasema, machozi ya kicheko yakimtiririka. "Nakucheka wewe. Hebu nishike mkono ninyanyuke, Mwalimu anatusubiri kwenye gari na injini inawaka."